Upasuaji wa wazi wa uvimbe wa aota ya tumbo: tathmini yangu baada ya miaka mingi

Mrija wa bandia niliowekewa naupa tano kati ya tano. Ukuta wa tumbo, tatu.

Nilipasuliwa uvimbe wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ulipovuka sentimita 5.5, kipimo ambacho kwa mwanamume hatari ya kupasuka huanza kuushinda uzito wa operesheni yenyewe. Tumbo hufunguliwa kuanzia chembe cha moyo hadi chini ya kitovu, aota hubanwa juu na chini ya uvimbe, mrija wa poliesta hushonewa ndani, kisha ganda la uvimbe hufunikwa juu yake ili utumbo usisuguane na mrija.

Anayetaka nafuu ya haraka asije huku. Katika utafiti wa EVAR-1 wa Uingereza, uliosajili wagonjwa 1,252 kati ya 1999 na 2004, asilimia 4.3 ya waliofanyiwa upasuaji wa wazi walifariki ndani ya siku 30. Waliopitishiwa mrija ndani ya mishipa kutokea kinenani, bila kufunguliwa tumbo, ni 1.8. Ila baada ya mwaka wa 8 mizani iligeuka, wao wakawa ndio wanaofariki zaidi, kwani mrija wa kinenani huweza kuteleza au kuvujisha damu ndani ya uvimbe, na uvimbe ukapasuka. Ndiyo maana wao huitwa kupimwa kila mwaka, mimi picha ya CT kila miaka 5 hivi inatosha, hasa kutazama kama aota imevimba upya penye mishono.

Kero kubwa ni ngiri ya kovuni, yaani utumbo kutokeza penye kovu la upasuaji. Sisi wa aota huipata zaidi ya watu wengine waliopasuliwa tumbo. Muulize daktari mapema atafungaje: mishono midogo, milimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni, uzi uliotumika usipungue mara 4 ya urefu wa kidonda. Ukikohoa, kumbatia mto. Ndoo ya maji waachie wengine miezi 2 hadi 3, na sigara iache kabisa.

Wanaume hatuambiwi hili: neva zinazopita mbele ya aota zikiguswa, nguvu za kiume hupungua, au manii hurudi kwenye kibofu. Uliza kabla ya kutia saini.

Paja likianza kuuma kila ukitembea, huenda tawi la mrija limeziba. Homa isiyoisha yaweza kuwa maambukizi ya mrija. Choo cheusi au kutapika damu, hata kidogo, ni hospitali saa hiyo hiyo: mrija huenda umetoboa utumbo, na damu ya kwanza mara nyingi ni chache kuliko inayofuata. Taja mrija wako mwanzoni kabisa, maana daktari wa zamu atawaza vidonda vya tumbo.