Programu za kuchambua chesi: ipi uitumie bure, ipi uilipie

Wengi wanaotaka kulipia uchambuzi wa chesi wanavutwa na majina ya rangi rangi yanayobandikwa kwenye kila hatua. Kabla hujatoa hela, elewa majina hayo yanapatikanaje. Injini, yaani programu inayohesabu hatua bora, inapima nafasi yako ya kushinda kabla na baada ya hatua yako, kisha inaangalia imeshuka kiasi gani. Haihesabu kete ulizopoteza.

1. Lichess. Hii ndiyo ya kwanza, na ni bure kabisa. Nafasi yako ikishuka kwa asilimia 5 unapewa ?! (hatua ya kutia shaka), ikishuka 10 unapewa ? (kosa), na kuanzia 15 unapewa ?? (kosa kubwa). Sasa angalia hili: ukitoka kwenye tathmini ya +8 (yaani unaongoza kwa thamani ya askari wanane) ukaangukia +5, umepoteza thamani ya askari watatu, lakini utapata ?! tu kwa sababu bado unashinda. Ukitoka +0.5 hadi -1.5 (sasa mpinzani ndiye anaongoza), askari wawili tu, unakula ??. Hakuna kilichoharibika kwenye programu. Mchezo ndio ulioharibika pale pa pili.

Kwa mtu wa Dar mwenye simu ya kawaida, faida kubwa ni kwamba ukiomba uchambuzi kamili, kazi inafanywa na kompyuta za mbali. Simu haipati moto na bando haliishi. Ukiwasha injini ya ndani ya simu badala yake, usiamini namba inayotokea sekunde za mwanzo. Subiri kina, yaani idadi ya hatua za mbele inazohesabu, kifike 20 hivi, maana kabla ya hapo inayumba. Ukimaliza, bonyeza sehemu ya kujifunza kutokana na makosa yako: inakurudisha kwenye kila kosa na kukudai hatua bora. Hapo ndipo mtu anapopanda kiwango.

Upungufu wake ni kwamba haitengi fursa iliyopotea na kosa la kujitakia, vyote vinaweza kuandikwa ??. Tenganisha mwenyewe: tazama hatua ya mpinzani iliyotangulia. Kama nayo ina ?? na baada ya hatua yako tathmini imerudi karibu na sifuri, basi alikuachia kitu hukukiona. Kama tathmini imezama upande wake, wewe ndiye uliyetoa.

2. Chess.com bila kulipa. Hawa wana jina maalumu la fursa iliyopotea, na kwa anayeanza linasaidia kweli, kwa sababu dawa yake ni tofauti: aliyekosa fursa anahitaji mafumbo ya mbinu, aliyegawa kete anahitaji kukagua hatua ya mpinzani kabla ya kucheza. Mipaka yao pia si ile ya Lichess: ?! ni kushuka asilimia 5 hadi 10, ? ni 10 hadi 20, na ?? ni zaidi ya 20. Tena hesabu yao inazingatia kiwango chako, hivyo usishangae mchezo mmoja ukipata majina tofauti kwenye tovuti mbili. Asiyelipa hupewa mapitio ya mchezo mmoja kwa siku. Uliobaki, nakili PGN yake (maandishi ya hatua zote za mchezo), ubandike kwenye lichess.org/paste, weka tiki ya kuomba uchambuzi.

3. Chess.com ya kulipia. Nunua ikiwa tu unacheza michezo mingi kwa siku na unasoma maelezo yote. Usiinunue kwa ajili ya !!; alama hiyo hutolewa kwa kutoa kete kafara kwa usahihi, na wanaoanza hupewa kwa ukarimu zaidi. Unaweza kulipa kwa kadi. Kadi ya mtandaoni ya kwenye huduma za pesa za simu inaweza kutumika. Anza na mwezi mmoja, kisha zima kujirudia kwa malipo siku hiyo hiyo, maana mwezi ukiisha watakata tena bila kukuuliza.

4. Stockfish kwenye kompyuta. Injini yenyewe ni bure. Ifungulie ndani ya Lucas Chess au En Croissant, programu zinazokuonyesha ubao, nazo bure. Inafaa kama una laptop, hata iliyotumika ya Kariakoo, na intaneti yako ni ya kubahatisha: ukishapakua, unachambua bila mtandao.

5. ChessBase. Programu ya Windows, ya gharama, iliyotengenezwa Ujerumani. Nguvu yake ni hifadhi ya michezo ya wachezaji wengine, kwa anayejiandaa kukutana na mpinzani fulani kwenye mashindano. Kwa kutafuta makosa yako mwenyewe haikupi kitu ambacho namba moja haijakupa.