Duka la mitishamba Nakuru: chai nitainunua tena, vidonge sitavigusa

Kwa zaidi ya miezi minne nimekuwa mteja wa duka moja la mitishamba katikati ya jiji la Nakuru, na ninaandika tathmini hii kwa sababu watu kadhaa wanaojua kwamba ninatibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kupindukia, wameniuliza kama nao waende huko. Jibu langu ni kwamba waende, lakini wabebe orodha ya dawa zote wanazotumia, na wawe tayari kukataa bidhaa moja hata ikisifiwa vipi.

Nianze na huduma, kwa maana ndiyo iliyonirudisha pale mara ya pili. Mama anayeuza hana haraka. Aliniketisha kwenye stuli kando ya mizani, akaniuliza, “Dada, unalala saa ngapi? Na unakula na nani?” Swali hilo la pili lilinigusa, kwani kwa majuma mengi nilikuwa nimekula peke yangu, nikiwa nimesimama jikoni, au sikula kabisa. Hakuniambia nijikaze wala nimwombe Mungu zaidi, maneno ambayo kila mgonjwa wa sonona ameyasikia hadi yamemchosha.

Chai aliyonipimia ni mchanganyiko wa mchaichai na kamomili, shilingi 350 kwa gramu 100. Ina harufu ya kutuliza na haina uchungu. Kuna tafiti ndogo zinazoonyesha kwamba kamomili hupunguza wasiwasi kidogo, ila kwangu naamini faida kubwa ilitokana na kile ambacho chai hii ilichukua nafasi yake. Nilikuwa na mazoea ya kunywa vikombe viwili vya chai ya majani, tena ya rangi na kali, kuanzia saa tatu usiku nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Kafeini haitoki mwilini upesi; kwa watu wengi, saa tano baada ya kuinywa, nusu yake bado imo, na mtu mwenye wasiwasi huhisi moyo ukimwenda mbio asijue kwamba kikombe ndicho kinachomsumbua. Nilipoacha chai kali baada ya saa tisa alasiri, wiki ya pili usingizi ulianza kunijia kabla ya saa sita usiku.

Ushauri bora zaidi wa duka hili haukuuzwa. Mama alinitaka niamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili, kisha nitoke nje nitembee kabla jua halijawa kali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabiwa. Kulisema ni rahisi. Siku za mwanzo sikuweza hata kuondoa blanketi, na kama jirani yangu hangekuwa akinigongea mlango saa kumi na mbili na nusu, ningekuwa bado kitandani. Tulianza kwa kuzunguka mtaa wa Milimani, tukaongeza kidogo kidogo, hadi tukawa tunapanda mteremko wa Menengai mahali ambapo mtu akigeuka analiona Ziwa Nakuru likimeremeta chini. Sidai kwamba mlima uliniponya, kwa kuwa wakati huo wote niliendelea kumeza setralini, dawa ya sonona niliyoandikiwa hospitalini, lakini asubuhi zile zilikuwa za kwanza kwa muda mrefu kupita bila mimi kulia.

Sasa nifike kwenye vidonge. Mama alinionyesha chupa ya shilingi 2,800 iliyoandikwa Hypericum, mmea wa maua ya manjano kutoka Ulaya, akisema kwamba ni wa asili na hauna madhara. Kuhusu nguvu yake hakukosea: mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2008, yaliyojumuisha majaribio 29, yalionyesha kwamba mmea huu unaweza kusaidia sonona isiyo kali sana. Hata hivyo, kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia. Ukichanganywa na setralini, unaweza kuzidisha serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya neva, mwilini, mtu akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuhatarisha maisha. Zaidi ya hayo, huchochea ini kuvunjavunja dawa nyingine upesi, zikiwemo vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi, dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Katika eneo letu, ambako kina mama wengi hutumia vipandikizi na watu wengi humeza dawa za virusi kila siku bila kumwambia yeyote, muuzaji asiyeuliza anaweza kumharibia mteja matibabu yake bila wote wawili kujua. Mimi sikuulizwa. Mfamasia niliyempitishia chupa ile kabla sijaifungua ndiye aliyenizuia.

Niliirudisha, na kwa haki nasema kwamba mama alinirejeshea pesa zote, akaniomba radhi, akanisikiliza nilipomweleza. Nilimsihi pia kwamba mteja anayezungumza kuhusu kujiua asiuziwe chochote, bali asindikizwe hospitalini siku hiyo hiyo, naye akakubali bila kusita. Tulikubaliana kwamba angebandika karatasi kwenye rafu ya vidonge vile, ikimtaka kila mnunuzi ataje kwanza dawa anazotumia. Jumamosi iliyopita nilipokwenda kununua chai, karatasi haikuwa imebandikwa, na chupa zilikuwa zimebaki mbili.