English Grammar in Use: kitabu cha buluu kwa anayewaza kwa Kiswahili

Tuseme "since three years" au "for three years"? "Discuss about" ina kosa gani? Kwa maswali ya aina hii, kitabu cha Raymond Murphy, kilichotolewa na Cambridge mara ya kwanza mwaka 1985, bado ndicho cha kununua kwanza. Toleo la tano, la 2019, lina masomo 145. Kila somo lina kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maelezo, kulia mazoezi.

Usianze somo la 1 ukashuka moja kwa moja hadi mwisho. Wengi huchoka kabla ya la 20. Nyuma kuna maswali ya kuchagua jibu. Yafanye, na pale unaposita ndipo pa kusoma.

Msemaji wa Kiswahili akae zaidi kwenye masomo ya 7 hadi 14, kwa sababu ya "-me-" yetu. "Barua nimeipata jana" ni Kiswahili safi. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata "I have received the letter yesterday", na hilo ni kosa: jana imekwisha, kwa hiyo ni "I received". Masomo ya 13 na 14 yanalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya shule. Somo la 12 linamaliza ubishi wa mwanzo: "for" hupima urefu wa muda, "since" hutaja ulipoanzia. Basi ni "for three years", lakini "since 2021".

Hata hivyo kitabu kiliandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, hakijui lugha uliyotoka nayo. Hakitakuambia kwamba "amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door", wala si "he has stood". Jiulize: "-me-" hii inaonyesha tendo lililokwisha au hali inayoendelea? Ikiwa ni hali, Kiingereza hutumia wakati uliopo: "nimechoka" ni "I am tired", "nimeelewa" ni "I understand". Yaandike haya kwa penseli pembeni mwa somo la 7, maana pengo hili ni kubwa.

Masomo ya 69 hadi 81 nayo yanahitaji subira, kwani Kiswahili hakina "a" wala "the". Humo utaona kwa nini "luggages" na "advices" havipo, ingawa sisi tuna mizigo na mashauri.

Sehemu dhaifu ni vihusishi, kuanzia somo la 121. Ni orodha ndefu. Soma somo moja kwa siku, si zaidi. "Discuss" imo humo: haichukui kihusishi, ni "we discussed the problem" basi, ile "kuhusu" ibaki kwenye Kiswahili.

Kiingereza chake ni cha Uingereza. Tofauti za Marekani zimo kwenye kiambatisho cha 7. Anayeanza kabisa achukue kile chekundu, Essential Grammar in Use.

Unaponunua, tazama jalada: lazima liandikwe "with answers". Kuna chapa isiyo na majibu, ya kutumia darasani, na anayejisomea hatajua alipokosea. Majibu yaandike kwenye daftari, si kitabuni, ili mazoezi yaleyale uyarudie baada ya wiki mbili.