Oili ya injini kwa magari ya Dodoma: ipi ianze, ipi iwe ya mwisho

Jua la Dodoma limewaaminisha wenye magari wengi kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini. Si kweli. Injini ikishapata moto, thamostati hushikilia maji yake kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, iwe mchana wa Oktoba au asubuhi ya baridi ya Julai. Namba ya pili kwenye dumu, ile 30, 40 au 50, ni uzito wa oili unaopimwa ikiwa na nyuzi 100. Joto la nje tu si sababu ya kuipandisha. Fuata kitabu cha gari na hali ya injini.

Chaguo la kwanza: 5W-30 sintetiki, yenye daraja la ubora la API SN au SP lililoandikwa kwenye dumu. Hii ndiyo ya IST, Vitz, Premio, Allion na nyingine za petroli zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka. Mfumo huo unasukumwa na oili ileile, ikipita kwenye matundu membamba na wavu mdogo. Oili nzito huchelewa kufika, cheni ya injini ikaweza kugonga unapowasha asubuhi. Kitabu kikitaja 0W-20, hasa kwa haibridi, nunua hiyo.

La pili: 10W-40 nusu sintetiki, kwa injini iliyochoka inayokula oili. Itapunguza ulaji, haitaponya. Moshi wa bluu unapowasha asubuhi mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Hapo hela ipelekwe kwa fundi, si kwenye dumu la oili nzito zaidi.

Dizeli za zamani, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, zichukue 15W-40 yenye daraja la API CI-4, kwa sababu masizi ya dizeli yanahitaji viungo vya kusafisha vilivyo vingi zaidi.

Ya mwisho ni 20W-50 ya madini. Ina kazi yake kwenye injini za karubureta. Kwenye IST, bei yake ndogo haifidii kitu.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa tusiiweke hata kwenye orodha: huwezi kujua ni daraja gani wala kama imechakachuliwa. Nunua dumu lenye pete ya kifuniko isiyokatika na namba ya toleo inayosomeka. Ukimaliza, litoboe, wasije wakalijaza tena. Rangi haikuambii ubora.

IST yenye injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita 4 linatosha na kinachobaki ni cha kuongezea. Mwaga oili ya zamani injini ikiwa vuguvugu, weka washa mpya kwenye nati ya kumwagia. Paka oili kwenye raba ya filta; raba ikigusa injini, kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko. Washa hadi taa ya oili izime, zima, ngoja dakika 5, pima. Isizidi alama ya juu: krenkishafti, shafti inayozungushwa na pistoni, ikiipiga, oili inatoa povu na presha inashuka.

Anayeshinda kwenye vumbi la barabara za vijijini amwage kila kilomita 5,000 au miezi 6, hata kwa sintetiki, na akague filta ya hewa siku hiyohiyo. Filta hiyo ikiwa na ufa, vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga ringi, hata oili iwe ya bei gani.