Uzoefu wangu: ufadhili wa safari kwenda kongamano Brussels, nikitokea Kigoma

Tangu nirudi watu wananiuliza swali moja, eti ule ufadhili wa safari ni wa kweli au ni matapeli. Ni wa kweli. Nimeenda, nimewasilisha kazi yangu, nimerudi, nawapa nyota nne kati ya tano na wakitangaza tena naomba siku hiyo hiyo. Ila kabla hujajaza fomu uliza kitu kimoja ambacho mimi hakuna aliyenishtua: hela wanalipa kabla au unatumia yako halafu wanakurudishia? Kwa sisi wa huku hapo ndo pana kila kitu.

Mimi nafanya utafiti wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, hasa wanaoharibika baada ya kuvuliwa. Muda mwingi niko mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, na akina mama wanaoanika, napima dagaa wa mchangani na wale wa kwenye chanja, nahesabu ndoo zinazomwagwa mvua ikikaa siku mbili mfululizo. Supavaiza wangu ndo alinitumia tangazo la kongamano, akaniambia mdogo wangu andika ikisiri, ule muhtasari wa utafiti wako, usiogope, nikaandika, ikakubaliwa, nikajaza na fomu ya ufadhili. Hawakutaka makubwa, wasifu, barua ya supavaiza na bajeti. Hiyo bajeti ndo niliikosea, niliweka ndege ya Dar mpaka Brussels na hosteli basi, nikasahau kabisa kwamba mimi siishi Dar.

Kutoka Kigoma nilipanda basi la alfajiri mpaka Dodoma, nikalala, kesho yake nikachukua treni ya SGR kuingia Dar. Ndege ya Kigoma ipo ila kwa bei yake ningemaliza hela yote kabla sijatoka nchini. Na viza ya Schengen lazima uende mwenyewe kutoa alama za vidole, huwezi kumtuma mtu, halafu unasubiri siku kama 15 na inaweza kuzidi. Nikapiga hesabu ya kurudi Kigoma kisha kuja tena, nikaona haiwezekani, nikakaa kwa mama mdogo Mbagala wiki tatu nzima. Ada ya viza euro 90, bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000, picha, vikopi, na hapo hakuna hata senti iliyotoka kwao bado.

Sasa barua ya ufadhili ilipokuja ndo nikasoma kwamba utanunua tiketi mwenyewe, utarudishiwa baada ya kongamano ukileta risiti. Nilikaa na ile barua siku mbili sijui niseme nini. Tiketi ya Ulaya mimi natoa wapi? Dada yangu ndo akaniambia si uwaandikie, wamekukubali hawawezi kukuchukia kwa kuuliza. Nikaandika imeili fupi, nikasema nashukuru sana, kipato changu hakiniruhusu kulipa tiketi kwanza, naomba kama inawezekana mninunulie moja kwa moja. Walijibu kesho yake asubuhi, wakakubali, wakakata tiketi wenyewe ya kupitia Addis Ababa, na hosteli wakalipa. Kumbe huo utaratibu walikuwa nao siku zote ila hawakuuandika kwenye tangazo, na hapo ndo nilipowakata ile nyota moja, maana najiuliza ni wangapi wameisoma ile barua wakaacha kimya kimya. Viza, bima na nauli za ndani nikakopa kwenye kikoba cha dada.

Bango langu la kuonyesha utafiti, la ukubwa wa A0, sentimita 84 kwa 119, nilichapisha Kariakoo kwenye kitambaa badala ya karatasi, nikalikunja kama kanga nikaweka kwenye begi la mkononi. Fanyeni hivyo. Niliwaona wenzangu wanahangaika na yale mabomba marefu ya kubebea mabango uwanja wa ndege.

Kongamano lenyewe sasa. Siku ya mabango nilisimama pale kwa muda wa saa mbili nikidhani hakuna atakayesimama kwa dagaa, akaja kaka mmoja akaangalia picha ya chanja, akasoma jina la Kibirizi, akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, huku si Kigoma?" Anatoka Bujumbura. Wao dagaa wanawaita ndagala. Tuliongea mpaka watu wakaanza kubandua mabango yao, tukazungumzia 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nikamweleza chanja zilivyokaa tupu na akina mama walivyoishi kwa kuuza mihogo na maandazi, na yeye akanieleza ya kwao. Tunaishi kwenye maji yale yale, na tumekutana Brussels. Sasa hivi tunaandika makala pamoja, hiyo peke yake kwangu imelipa safari nzima.

Kurudishiwa hela nilizotoa mwenyewe kulichukua wiki saba. Tunza boding pasi zote, hata ile ndogo ya Addis, mimi niliombwa zote nne. Risiti ya basi na ya SGR walizikubali bila neno, ila ya gesti ya Dodoma walikataa kwa sababu iliandikwa kwa mkono na haina muhuri, kwa hiyo ukilala popote dai risiti ya mashine kabla hujatoka mlangoni. Benki nayo ilikata makato yake hela ilipoingia, na deni la kikoba lilikuwa linasubiri na riba ya mwezi wa pili, nikaongezea mfukoni kidogo likaisha.

Lile bango nimewapelekea Kibirizi. Wamelifunga kwenye banda wanapopumzikia, na mama mmoja aliyenipa ndoo zake nipime alinisimamisha juzi akanyoosha kidole kwenye jedwali la mvua, akasema namba ya Machi nimeiandika ndogo, zilimwagwa nyingi kuliko hapo. Nimefungua daftari kuangalia upya.