Hotel del Coronado: nenda hata kama huna hela ya kulala

Watu wengi wakija San Diego wanaambiwa waende zoo, waende SeaWorld, wale taco za Wameksiko, halafu wanapanda ndege wanarudi bila kuvuka maji kwenda Coronado, mji mdogo ng'ambo ya ghuba, na mimi hilo linaniuma kabisa. Hotel del Coronado, huku wanaiita "The Del" tu, ni jengo la mbao la mwaka 1888 liko hapohapo ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, kuta nyeupe, paa jekundu, mnara mkubwa wa duara unaouona ukiwa bado mbali, na sio makumbusho, ni hoteli inayofanya kazi mpaka leo, watu wanalala, watu wanafunga ndoa, watoto wanaingia na mchanga miguuni. Nikipata mgeni kutoka nyumbani ndiko ninakompeleka kwanza. Review yangu basi itakuwa zaidi ya historia kuliko vitanda na mashuka, maana vitanda vizuri viko hoteli nyingi, historia kama hii hazipo nyingi.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1885 mtaa huu ulikuwa vichaka na sungura. Elisha Babcock, mtu wa reli kutoka Indiana, na Hampton Story, mfanyabiashara wa piano wa Chicago, walikuwa wanakuja huku kuwinda, wakaipenda, wakatafuta wenzao wakanunua eneo lote kwa dola 110,000. Akili yao ilikuwa hivi: kata viwanja, uza, hela ya viwanja ijenge hoteli, hoteli ikijulikana viwanja vilivyobaki vinapanda bei. Mnada ukafanyika Novemba 1886 na ukafana. Machi 1887 ujenzi ukaanza, Februari 1888 wageni wakaingia. Miezi kumi na moja! Jengo lenye vyumba karibu 400! Na usisahau hapo hapakuwa na mafundi wa kutosha wala mbao, mbao zilikuja kwa maji kutoka kaskazini ya California huko kwenye misitu mikubwa, matofali wakawa wanachoma wenyewe, vibarua wengi walikuwa Wachina walioletwa kutoka San Francisco na Oakland, na wengi wao hawajawahi kujenga kitu cha namna ile, walijifunza kazi wakiwa kazini. Msanifu alikuwa James Reid, alishirikiana na ndugu zake, na kwa jinsi nilivyosoma walikuwa wanachora huku jengo linapanda. Ukizunguka ndani utaamini, maana korido zinakunja mahali usipotegemea, ngazi zinatokea pembeni, hakuna upande unaofanana na mwenzake, na mimi ndio napenda hivyo.

Kitu cha moto nataka nikiseme vizuri maana watu hawakifikirii. Hoteli za mbao za zama zile zilikuwa zinaungua hovyo. Hotel del Monte kule Monterey iliteketea Aprili 1887, yaani hawa ndio kwanza wameanza kujenga ya kwao, na ikajengwa upya halafu ikaungua tena 1924. Ya Pasadena, Raymond, ikaungua 1895. Kwa hiyo Reid akaweka matangi ya maji na mabomba ya kuzimia moto, na maji baridi ya kutumia yakavutwa kwa bomba lililopita chini ya ghuba kutoka San Diego mjini. Leo karibu hoteli zote za pwani ya California za rika lile zimeshapotea, zimeungua au zimebomolewa, hii bado ipo. Ukisimama pale kwenye veranda ujue unaangalia kitu kilichonusurika.

Umeme nao. Mwaka 1888 jengo zima kuwaka umeme ilikuwa habari kubwa, walikuwa na mtambo wao wenyewe na ukawa unalisha mpaka mji wa Coronado. Utasikia watu wanasema Thomas Edison mwenyewe alikuja kuwasha, hapana, kazi ile ilifanywa na kampuni ya Mather Electric ya Chicago. Naomba tuache kumpa Edison kila kitu.

Sasa hoteli imefunguliwa tu, biashara ya viwanja San Diego ikaporomoka mwaka huohuo, watu wakahama, madeni yakamfika Babcock shingoni. Ndipo akaingia John D. Spreckels, mtoto wa tajiri wa sukari, akakopesha, akanunua sehemu kidogokidogo mpaka yote ikawa yake, na familia yake ikaishikilia hadi 1948. Bila yule jamaa hakuna hoteli, naamini hivyo.

Na Spreckels ndiye aliyefanya jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye historia hii yote. Hoteli ilikuwa ya matajiri wa mashariki, wanaokuja na treni majira ya baridi na masanduku na watumishi wao wanakaa miezi. Mwaka 1900 akaanzisha Tent City, mji wa mahema kwenye ule ukanda wa mchanga kusini mwa hoteli, mahema yamepangwa mistari kama mitaa, ndani vitanda na fenicha, baadaye vikaongezeka vibanda vya kuezekwa majani ya mitende, tramu inapita katikati, bendi inapiga, kuna kuogelea, kuna merigo-raundi. Familia ya mfanyakazi wa kawaida ilikuwa inakuja kiangazi inakaa wiki nzima kwa hela inayomudu, bahari ileile, upepo uleule na tajiri wa kule ndani. Iliendelea mpaka 1939. Leo ukiuliza watu Coronado ni ya nani wanakwambia ya mabilionea, lakini kwa karibu miaka arobaini nusu ya utamu wa pale ulikuwa wa watu wa kawaida, na nadhani hilo lingestahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi kila wanapotaja ma-prinsi na marais.

Jambo la pili, na hili nimelipata nje ya hoteli. Kulikuwa na mzee anaitwa Gus Thompson, mtu mweusi, alizaliwa utumwani Kentucky, akaja Coronado miaka ile ya 1880 kufanya kazi kwenye hoteli hii. Akajenga nyumba yake, akajenga banda la farasi na juu yake vyumba vya watu weusi wenzake kulala, mwaka 1895, kabla ya hizi hati za viwanja zilizokuja kukataza watu wasio wazungu kununua. Mwaka 1939 familia ya Wachina, akina Dong, baba alikuwa mtunza bustani, wakawa wanatafuta nyumba na hakuna anayewapa. Thompson akawapangisha. Mwaka 1955 mke wake Emma akawauzia kabisa. Mwaka 2024 watoto wa Dong, sasa ni wazee, wakatangaza kwamba hela yao ya kuuza mali ile, dola milioni 5, wanaitoa San Diego State University kusaidia wanafunzi weusi, kwa sababu bila Thompson wao wasingekuwa na pa kukaa. Nilipoisoma hii nililia, sitaficha. Kwa hiyo mimi nikiwa na mgeni natembea naye kwanza mitaa ya Coronado namhadithia ya Thompson, ndio tunaingia hotelini, kwa sababu jengo lile lilisimamishwa na mikono ya Wachina na likahudumiwa na watu kama Thompson, na ukiliangalia ukiwa unajua hivyo unaliona tofauti.

Ukishaingia, lobi ni bure, hakuna anayekuuliza chumba namba ngapi. Ni mbao nyeusi juu mpaka chini, kuna ile lifti ya zamani ya kizimba cha shaba iko palepale, na mlango mkuu una dirisha kubwa la vioo vya rangi. Halafu kuna Crown Room, ukumbi wa chakula wenye dari ya msonobari iliyopinda kwenda juu mita kama kumi, imeungwa kwa vigingi, hawakupiga misumari. Kama kuna shughuli ya watu utakuta pamefungwa, chungulia mlangoni, hata hapo inatosha kukuonyesha fundi wa zamani alikuwa fundi.

Hadithi za watu maarufu zipo nyingi, nitapita haraka. Mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, alikuja Aprili 1920, na utaambiwa alikutana hapa na Wallis, yule mwanamke wa Kimarekani ambaye baadaye Edward aliacha kiti cha ufalme ili amwoe. Ni kweli Wallis aliishi Coronado wakati huo, mume wake wa kwanza alikuwa afisa wa jeshi la maji, lakini wanaojua historia wanasema wawili hao walifahamiana miaka ya 1930 huko Uingereza. Rubani Lindbergh alifanyiwa karamu hapa 1927 baada ya kuvuka Atlantiki, ndege yake ilitengenezwa San Diego. Rais Nixon alimwandalia rais wa Meksiko chakula rasmi Septemba 1970. Na 1958 Marilyn Monroe alikuja kupiga filamu ufukweni, hoteli ikajifanya ni ya Florida, mpaka leo wageni wanapiga picha pale alipokimbia mchangani.

Kuna na habari ya Kate Morgan, dada aliyeandikisha jina la uongo Novemba 1892 akakutwa amefariki kwenye ngazi za nje siku chache baadaye, na chumba chake sasa watu wanakiomba kwa ajili ya mzuka. Mimi siipendi hii biashara. Alikuwa mtu, alikuwa peke yake ugenini, anastahili dua kuliko kupigwa picha mlangoni. Wenye kupenda mambo hayo wataenda, lakini nimesema.

Turudi kwenye jengo. Baada ya akina Spreckels ilipita mikono kadhaa ikachoka vibaya, na mwaka 1963 akainunua Larry Lawrence, mtu wa majengo, ambaye mwanzoni shida yake ilikuwa ardhi, hoteli angeiondoa. Akabadili mawazo, akaanza kuikarabati. Mwaka 1969 daraja likafunguliwa, lile refu linalopinda kama kilomita 3 na kidogo, feri ya magari ikafa, wageni wakawa wanafika kwa dakika chache. 1977 serikali ya Marekani ikaiweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya taifa. Na mwaka 2025 wamemaliza ukarabati wa miaka sita uliokula dola milioni 550, wakairudisha veranda ya mbele ilivyokuwa mwanzo na vioo vyake. Milioni 550 ni hela ya kutisha, ila nikiangalia nasema wamefanya sawa. Mbao kando ya bahari, chumvi inakula, jua linakula, mchwa wanakula, ukiacha miaka kumi tu huna kitu.

Hapo lazima nikumbuke Beit al-Ajaib yetu Zanzibar. Sultani Barghash aliijenga 1883, miaka mitano tu kabla ya hii, nayo ilikuwa ya mwanzo kwa umeme na lifti upande wetu wa dunia, nayo inatazama bahari, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja na mnara wake ukaanguka, watu wakapoteza maisha. Inauma sana. Jengo la mawe limeanguka la mbao limesimama, na tofauti kubwa ni miaka mingapi mtu aliangalia paa na mingapi hakuangalia. Kila mtu wa Unguja nikimpeleka The Del anaanza kuongelea Beit al-Ajaib kabla sijaitaja mimi.

Sasa mambo ya kwenda. Kulala ni mamia ya dola kwa usiku, kiangazi inapaa zaidi, na juu yake kuna ada ya resort na paking, kwa hiyo piga hesabu yote kabla hujabonyeza kulipa. Kama mna harusi au maadhimisho na mmeamua kujikamua, ombeni chumba jengo lenyewe la zamani, wanaliita The Victorian, msikubali yale majengo mapya ya pembeni, ni mazuri lakini hizo ni hoteli kama hoteli nyingine. Vyumba vya zamani vingine ni vidogo, ujue hivyo mapema.

Kama hulali, ufukwe ni wa umma, mpana, mchanga una vichembe vinavyometa kama dhahabu, unaweka mkeka wako unakaa bila kumlipa mtu. Kuna Ice House, nyumba ya zamani ya barafu ya hoteli ambayo sasa ni makumbusho madogo, usiipite, picha za Tent City nenda nazo taratibu. Kuna ziara ya kuongozwa ya kulipia, kama unapenda historia inalipa, uliza maswali ya wafanyakazi wa zamani usikie watakujibuje. Desemba wanaweka uwanja wa kuteleza kwenye barafu mbele ya bahari na miti ya Krismasi, watoto wanapagawa.

Kufika usihangaike na gari. Panda feri ya abiria Broadway Pier, vuka, kisha basi 904 au tembea Orange Avenue kama una miguu, au panda basi 901 kutoka mjini linapita juu ya daraja, kaa dirishani upande wa kulia ukienda uone meli za kivita na mji wote chini yako. Jumamosi mchana pamejaa, asubuhi katikati ya wiki ndio muda wake. Nyota nne kwa bei, tano kwa jengo.