Betri za 18650 za tochi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Namba 18650 kwenye betri hizi za lithiamu za kuchaji ni vipimo tu: kipenyo milimita 18, urefu 65. Betri isiyo na kinga, yaani saketi ndogo ya usalama, hukaa karibu na vipimo hivyo. Yenye kinga imeongezewa kisahani cha saketi kwenye kitako, upande wa hasi, na utepe mwembamba wa chuma unaopanda ubavuni hadi chanya, kisha ikavishwa nailoni nyingine juu. Ndiyo maana hufika milimita 68 hadi 70 na kunenepa kidogo. Basi kabla ya kuuliza bei, pima nafasi iliyomo ndani ya tochi. Betri ndefu ikilazimishwa, springi hukibana kile kisahani mpaka kinapasuka, na betri inaonekana imekufa wakati ndani bado ni nzima.

Saketi hiyo hukata umeme volti zikishuka karibu na 2.5, hukata chaji ikipita takriban 4.25, na hukata mkondo ukizidi au ikitokea shoti. Ni breki ya dharura. Kusimamisha chaji kwenye volti 4.20 ni kazi ya chaja, na chaja mbovu haiponi kwa kuwekewa betri yenye kinga.

Chaguo la kwanza: yenye kinga, chanya iliyochomoza, 3,400 hadi 3,500 mAh

Hii inafaa tochi nyingi; mAh ni kiasi cha chaji kinachobebwa na betri. Tochi ya lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) huvuta takriban ampea 3, kiasi ambacho saketi nzuri ya kinga hukibeba bila shida. Tafuta iliyojengwa juu ya betri ya kiwanda kinachojulikana, kama Panasonic/Sanyo NCR18650GA, LG MJ1 au Samsung 35E. Muuzaji makini huandika ndani kuna nini. Kama tochi itashikwa na watoto, mlinzi au yeyote atakayeisahau ikiwaka usiku kucha, usiangalie nyingine.

Kwa tochi ya betri mbili zilizofuatana, kinga ni lazima. Betri hizo hazilingani kamwe. Iliyo dhaifu huisha kwanza, nayo yenye nguvu huendelea kuusukuma mkondo kupitia kwake mpaka chanya na hasi zake zinageuka. Hapo ndipo betri hupasuka au kuwaka moto ndani ya bomba la chuma lililofungwa. Nunua mbili za aina moja kwa siku moja, zichaji pamoja, na usizitie zikitofautiana zaidi ya volti 0.05.

Chaguo la pili: isiyo na kinga, ya mkondo mkubwa

Samsung 30Q (3,000 mAh, ampea 15) au Molicel P26A (2,600 mAh, ampea 35). Tochi ya betri moja inayotoa lumeni 3,000 na kuendelea huweza kuvuta zaidi ya ampea 10. Ukiitia betri yenye kinga, ukibonyeza mwanga wa juu kabisa inazimika ghafla, na mwenye tochi anaanza kuilaumu swichi. Tatizo ni saketi ya kinga kukata mkondo, kama ilivyoundwa kufanya.

Sharti ni moja: tochi yenyewe iwe inajizima betri ikikaribia kuisha. Kulijua hilo, tia kwanza betri yenye kinga inayoingia vizuri, washa kwa mwanga wa kati, ukae karibu. Tochi ikizima, itoe betri papo hapo uipime kwa mita ya volti. Ukisoma kati ya volti 2.8 na 3.2, tochi ndiyo iliyokata, na unaweza kutumia isiyo na kinga. Ukisoma sifuri, aliyekuokoa ni kile kisahani. Baki na yenye kinga.

Betri hizi nyingi zina chanya bapa, na kwenye tochi nyingine haigusi. Usiwekee kipande cha sumaku kuziba pengo. Tochi ikianguka, sumaku huteleza na kuunganisha chanya na ganda, na ganda lote la betri ni hasi.

Chaguo la tatu: iliyotolewa kwenye betri ya laptop

Mafundi huziuza kwa bei ya kutupa. Hazina kinga kwa sababu ulinzi ulikuwa kwenye bodi ya pakiti nzima. Zitumie kwenye tochi ndogo ya betri moja tu, tena kwa masharti. Ikipimwa chini ya volti 2.5, iache: huenda shaba imeshaanza kuyeyuka ndani, na kuichaji kunaweza kuzaa shoti. Ikipata moto wakati inachajiwa kwa ampea 0.5, iache. Ichaji hadi 4.20, iweke wiki moja. Ikishuka chini ya 4.1, iache pia.

Ya kuiacha dukani

Yoyote iliyoandikwa 9,900 mAh, au hata 5,000. 18650 nzuri kabisa za tochi huishia karibu 4,000. Ya kweli huwa na gramu 44 hadi 50. Nyepesi kama gramu 30 ina kibetri kidogo ndani. Neno «kinga» kwenye lebo yake halina maana.

Ukishanunua, kagua nailoni kila unapochaji, hasa ukingo wa chanya: hapo chanya na hasi zinatenganishwa na kijipete na hiyo nailoni tu. Ikichanika, ivishe upya kabla ya kuitumia. Betri ya akiba ikae kwenye kiboksi cha plastiki, si mfukoni na funguo; ya kukaa miezi ihifadhiwe ikiwa kwenye volti 3.6 hadi 3.8. Na yenye kinga ikisoma sifuri usiitupe mara moja: iweke kwenye chaja. Nyingi huamka hapo hapo. Ikiamka ikasoma chini ya 2, hiyo sasa ni ya kutupa.